Siku Tano za Kujitoa

Ndugu zangu mnaoishi Berea, Yeoville, Rosettenville na kote ambako Kiswahili kinasikika madirishani hapa Johannesburg, niazimeni masikio kabla sijahama tena. Miguu yangu haikai. Nilisoma madarasa mawili Ujiji, nusu darasa Mpulungu kwa wamisionari, na mengine nikayaokota kwenye magazeti ya kufungia sabuni. Kazi yangu ni kutengeneza vyerehani. Natembea na mfuko wa mikanda, sindano na mafuta, mlango kwa mlango, na kwa hiyo nimekula katika majiko mengi. Haya ninayowaandikia sikusimuliwa na mtu. Nilikuwemo, na kosa mojawapo ni langu.

Ilikuwa Jumapili, wiki moja baada ya Pasaka ya mwaka 2017. Nilikuwa Abel Road, Berea, katika fleti ya Papa Firmin na mkewe Victorine, mafundi nguo kutoka Bukavu. Vyerehani vyao vinne vilikuwa vimefunikwa vitambaa kama watoto waliolala. Victorine ametoa sombe, kisamvu chao, jikoni, Firmin amevua tai ya kanisani, na binti yao Murielle anajibu kila swali la Kiswahili kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote wa huku. Kibarazani, palipozibwa kwa mbao pakawa chumba, alikuwa anaishi mpangaji wao Kidawa, mwanamke wa Tanga, ambaye kazi yake ni kusafisha ofisi za mawakili mjini. Siku hiyo alikuwa sebuleni nasi akichambua mchele. Nakumbuka nilijisemea kwamba kama kungekuwa na nyumba moja ya kunifanya nitulie, ingekuwa hii.

Mlango ukagongwa.

Aliyeingia alikuwa Théodore. Kule Kongo dalali wa nyumba huitwa komisionere, na Théodore alikuwa komisionere wa Wakongo wengi hapa mjini. Viatu vinang'aa, kabrasha kwapani. Yeye na Firmin wametoka mtaa mmoja wa Kadutu, huko Bukavu, na waliimba korali moja ujanani. Siku moja kabla, Jumamosi, aliwapeleka Firmin na Victorine kuona fleti ya kununua mtaa wa pili tu, ghorofa ya nne. Vyumba viwili vikubwa, jua la asubuhi, na sebuleni bibi mmoja wa Kizulu ameketi akimenya viazi. Théodore alisema bibi yule ni mwangalizi tu, mwisho wa mwezi anaondoka.

"Papa Firmin, mon frère, ndugu yangu," akasema akifungua kabrasha, "mwenye nyumba anataka jibu leo. Kuko mutu wa Nigeria anaitaka. Weka saini, nyumba ni yako."

Mnaelewa jambo hilo lilikuwa na uzito gani. Miaka kumi na mmoja watu wale walishona sare za kwaya na magauni ya arusi ili siku moja wasigombezwe tena na msimamizi wa jengo kwa kelele za cherehani. Kila walichokuwa nacho kilikuwa kinaingia kwenye zile kurasa sita za Kiingereza.

Kidawa hakuinua macho kwenye ungo wake. "Kaka Théodore, samahani, mie mpangaji tu. Cheti chako kiko wapi?"

"Cheti gani, dada?"

"Cha serikali. Cha udalali. Pale ninaposafisha, dalali akija anaulizwa kwanza cheti cha mwaka huu. Bila cheti hata kiti hapewi."

Théodore akacheka. "Dada wa Tanga, wewe unafagia zile karatasi ao unazisoma?"

Tukacheka sote. Na mimi nilicheka.

"Nazisoma kwanza, ndipo nazifagia," akajibu Kidawa. "Ndiyo maana nachelewa kurudi."

Firmin aliona haya. "Kidawa, wacha. Huyu ni mutoto wa kwetu. Nitamuomba mutu wa kwetu cheti? Kesho na yeye ataniomba cheti ya ubatizo."

"Si vibaya kuomba," Victorine akasema polepole. Lakini alikuwa ameshaanza kuifikiria ile sebule yenye jua, na sauti yake haikuwa na nguvu.

Basi wakatia saini, Firmin kwanza, kisha Victorine, na pesa za kutanguliza wakazitoa. Shahidi alikuwa mimi. Théodore alinielekeza kwa kidole, "Muzee Salum, hapa," nikaandika jina langu kwa herufi kubwa, nikajiona mtu. Kisha tukasimama, Théodore akaomba sala ndefu. Na kwa kuwa Wakongo hawapokei kitu kipya kikavukavu, lazima wakiaroze, yaani watu wanyweshwe, zikaletwa kreti mbili za soda na moja ya bia. Majirani wakajaa mpaka kwenye ngazi. Wanawake wakapiga vigelegele.

Théodore alimpa Firmin shauri moja zaidi kabla ya kuondoka. "Muandikie msimamizi wenu leo leo. Mwambie mwisho wa mwezi wa tano munatoka. Hawa watu wanataka maandishi." Firmin akaandika palepale, akatuma. Msomaji wangu, liangalie jambo hilo. Kwa msimamizi, mtu baki, aliandika upesi, bila kuambiwa mara mbili.

Jumatatu Kidawa aliomba ule mkataba kwa Victorine, akaenda nao kazini ndani ya mfuko wa glovu. Pale ofisini kulikuwa na karani mmoja mwenye moyo mwema aliyekubali kuusoma wakati wa chai. Jumanne jioni, mimi nikiwa chini ya cherehani cha Victorine nabadilisha mkanda, Kidawa akaingia hajavua hata koti.

"Kaeni," akasema. "Kaka Firmin, zima redio."

Alikuwa amezungushia wino mahali pawili. "Hapa, namba kumi na nne. Mnunuzi anaichukua nyumba kama ilivyo, pamoja na watu waliomo ndani. Kuwatoa ni kazi ya mnunuzi mwenyewe."

"Watu gani?" akauliza Firmin. "Kuko mwangalizi tu."

"Mimi sijui. Nasema kilichoandikwa. Na hapa, ukurasa wa mwisho, kwenye kisanduku. Sikilizeni sana. Nyumba ya bei ndogo kama hii, sheria inampa mnunuzi siku tano za kujitoa. Serikali imelazimisha maneno hayo yawekwe kwenye mkataba, dalali apende asipende. Siku tano za kazi. Jumamosi haihesabiwi, Jumapili haihesabiwi, sikukuu haihesabiwi."

Tukaenda kwenye kalenda ya kanisa iliyokuwa ukutani. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, tatu. Alhamisi tarehe 27 ni sikukuu ya Uhuru, ruka. Ijumaa, nne. Jumatatu ni Mei Mosi, ruka. Jumanne tarehe mbili, tano.

"Mpaka Jumanne ijayo," akasema Kidawa. "Lakini kwa barua. Iliyosainiwa. Apelekewe dalali au mwenye nyumba. Bila barua ni kelele tu."

Jumatano asubuhi Victorine alikwenda peke yake kwenye ile fleti. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha kushonea bila kushona.

"Haiko mwangalizi," alisema. "Gogo, yule bibi wa viazi, anaishi pale tangu mwaka 2006. Alikuja na binti yake, binti akafa, sasa iko yeye na wajukuu watatu. Hakuna mutu alimwambia atoke. Alinipa chai. Alisema: mwanangu, wewe ni wa ngapi? Kila mwaka analetwa mutu kuangalia nyumba."

Firmin alitembea toka mlangoni mpaka dirishani, toka dirishani mpaka mlangoni. Chumba kilikuwa kidogo na yeye ni mtu mkubwa, ilikuwa kama kuangalia simba wa bustani ya wanyama. "Théodore hakujua," akasema. "Hawezi kuwa alijua."

"Alijua ao hakujua, tujitoe," akasema Victorine.

"Tutajitoa."

"Haya, andika," akasema Kidawa, na kalamu akampa.

Hapo ndipo, ndugu zangu, desturi yetu ilipotukaba koo. Firmin aliirudisha ile kalamu mezani. "Barua? Kati yangu na Théodore? Kidawa, kwetu barua ni ya tribinali, ya korti. Barua ni ya kufukuza muke. Ndugu hamuandikii ndugu yake barua wakati wanaishi muji moja. Unamtuma muzee. Muzee anafikisha neno, neno linapokelewa, inakwisha. Njo vile baba zetu walifanya."

"Baba zenu hawakununua fleti Berea," akasema Kidawa.

"Muzee Salum ataenda," akasema Firmin. "Ni yeye shahidi. Aliona tunaingia, ataona tunatoka."

Nilikubali. Nilikubali haraka sana. Mtu aliyetembea dunia nzima na mfuko begani, leo anaambiwa beba neno la nyumba ya watu, ni kama amepewa kiti. Alhamisi ya sikukuu nilivaa koti langu la Harare, nikashuka mpaka Rosettenville kwa Théodore.

Alinipokea kwa mikono miwili. Alifukuza watoto sebuleni, akaniweka kwenye kochi, akaleta chai ya maziwa na andazi. Nilimweleza yote. Gogo, wajukuu, namba kumi na nne. Nikasema maneno niliyotumwa: "Firmin na mkewe wanajitoa. Wanaomba msamaha kwa usumbufu. Hawainunui."

Théodore aliniongezea chai. Kisha akasema, "Muzee, umefika. Neno limefika. Waambie walale."

"Kidawa anasema iandikwe."

"Muzee!" Akashika kifua. "Unataka kunifanya mwizi katika nyumba yangu? Neno lako na karatasi, kizito ni nini?"

Mngejibu nini? Mimi nilinywa chai yangu nikarudi Berea naimba. Firmin alinikumbatia. Victorine akanipakulia nyama mara mbili. Kidawa peke yake ndiye ambaye hakunipongeza. "Shikamoo, baba," alisema. "Na ile karatasi aliyokupa iko wapi?" Nikamwambia watu wa pwani wana maneno mengi.

Ijumaa akasema tena. Jumamosi akasema tena, mpaka Firmin akamwambia kwa ukali kwamba kodi yake ni ya chumba, si ya kuendesha nyumba. Jumatatu, Mei Mosi, alinyamaza, tukadhani amechoka.

Jumanne tarehe mbili jioni aliingia na karatasi moja. Aliyemsaidia ni karani yuleyule. Mistari mitano ya Kiingereza: jina la jengo, namba ya fleti, tarehe ya mkataba, na kwamba sisi tuliotia saini hapa chini tunajitoa bila sharti lolote. Nafasi mbili za saini.

"Kaka Firmin," akasema, "nimeongea na dereva wa teksi mmoja Mtanzania, Bakiri, yuko chini ananingoja. Saini, dakika arobaini tuko Rosettenville, tunampa mkononi na picha tunapiga. Hata kama neno limefika, karatasi itazidi nini? Mtu akivaa mkanda suruali inakasirika?"

Victorine alicheka. Akachukua kalamu, akamtazama mumewe. "Papa Joël?" Ndivyo alivyomwita akiwa na jambo zito, kwa jina la mtoto wao wa kwanza waliyemzika Bukavu.

Firmin aliichukua barua. Akaisoma, midomo ikicheza. Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa kwenye kona na bisibisi yangu.

"Muzee alisema imekwisha," akasema. "Nikipeleka hii leo, nitakuwa nimemwambia Théodore kwamba muzee niliyemtuma hakuwa mutu. Ao muzee ni muongo."

Nilisikia teksi ikipiga honi chini, karibu na roboti, yaani taa za barabarani. Wote walikuwa wananitazama mimi. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema: Saini, mwanangu, mimi sina kinyongo. Maneno matano tu. Sikuyasema. Nilipenda jinsi anavyoniheshimu. Nilikaa pale na uzee wangu umenipanda kichwani kama pombe, nikaangalia bisibisi.

Firmin akaiweka barua juu ya cherehani. Kidawa akashuka peke yake kumlipa Bakiri ili aende zake.

Asubuhi ya Jumatano tarehe tatu, saa mbili na nusu, ujumbe ukaingia kwenye simu ya Firmin. Mwenye nyumba ameikubali ofa. Mkataba umekamilika. Malipo yaliyobaki yaletwe kwa wakili katika siku thelathini, la sivyo walichotanguliza hakirudi na mahakamani wataitwa.

Firmin alipiga simu mbele yetu, akaweka sauti ya juu.

"Théodore, hii ni nini? Muzee hakukuja kwako?"

"Alikuja. Tulikunywa chai. Nilifurahi sana."

"Hakukuambia tumejitoa?"

"Mon frère, watu wanakuja hapa kila siku wanasema mambo. Mulikuwa na siku tano, imeandikwa kwenye mkataba. Mimi sikuona barua. Mkataba ni mkataba. Unataka nimwambie nini mwenye nyumba, kwamba muzee wa vyerehani alikula andazi?"

Akakata. Ulimi hauna mfupa, ndugu zangu. Wa Théodore haukuwa nao, na wangu siku moja kabla haukuwa nao pia.

Tulikwenda kwenye ofisi ya serikali inayosimamia madalali wa nyumba. Tulikuwa wanne, Kidawa akitafsiri. Alitupokea mwanamama mmoja mtulivu, miwani imening'inia kwa mnyororo. Aliandika jina la Théodore kwenye kompyuta, akangoja, akaandika tena.

"Hana cheti," akasema. "Hajawahi kuwa nacho. Kufanya udalali bila cheti ni kosa. Tutafungua faili. Na ujira wa kazi hii kwa sheria hana haki ya kuudai."

Firmin akapumua. "Basi mkataba umekufa?"

Yule mama alitikisa kichwa pole pole, kama mtu anayechukia kazi yake kwa dakika moja. "Dalali ni mtu wa katikati. Mkataba ni kati yenu na mwenye nyumba, na mwenye nyumba amesaini. Ninyi mlikuwa na siku tano. Mliandika?"

Kidawa akafungua pochi. Alikuwa ameitunza ile barua. Mama yule akaipokea barua, akaisoma, na nilimwona uso ukimfunguka. "Hii ni sawa kabisa. Kila kitu kiko..." Akaigeuza. Akaangalia upande wa nyuma. Akairudisha mbele. "Saini ziko wapi?"

Kidawa akafunga pochi.

"Hii ni karatasi tu," akasema, akaisukuma kwetu taratibu kwa vidole viwili.

Wakili wa msaada wa bure tuliyemwona Braamfontein alisema vilevile kwa maneno marefu zaidi. Wavunje mkataba wapoteze walichotanguliza na washtakiwe, au wainunue. Wakainunua. Mwezi wa sita Firmin na Victorine wakawa wenye nyumba, na hawakuwa na pa kulala.

Msimamizi wa Abel Road alikuwa na ile notisi ya Firmin kwenye faili, imeandikwa vizuri na tarehe yake, na alishaipangisha fleti kwa wengine. Kidawa akahamia kwa shoga yake Mayfair. Familia ikaenda Alexandra, kwenye chumba cha bati katika ua wa watu saba. Umeme ukikatika, na ulikatika kila siku, vyerehani viwili vya umeme vinalala na vya kukanyaga ndivyo vinaendelea. Wateja wa kwaya hawafiki Alex. Murielle akaacha kuleta rafiki zake nyumbani.

Sheria ya huku haikuruhusu mtu atolewe ndani bila amri ya mahakama, hata kama nyumba ni yako. Firmin alipata wakili wa kumfungulia Gogo kesi. Alileta zile karatasi Alex ili Victorine asaini, maana nyumba ilikuwa ya wote wawili. Mimi nilikuwepo. Sikuweza kukaa mbali nao, na nikiwa nao sikuweza kukaa.

Victorine aliziangalia. "Papa Firmin, unakumbuka mwezi wa tano, mwaka 2008? Haiko mbali, ni ile barabara ya nyuma hapo. Walikuja na mapanga, wakasema wageni wote tutoke. Nilikuwa na mimba ya Murielle. Nilitoka na sufuria. Sufuria moja."

"Haiko sawa," akasema Firmin. "Wale walikuwa wahuni. Hii ni mahakama."

"Gogo atabeba sufuria ileile."

"Na sisi je? Tufe kwenye bati wakati nyumba yetu iko na mutu?"

"Sijui," akasema Victorine. "Lakini ile siku ya barua nilikuwa na kalamu kwa mkono, nikakungojea wewe. Leo sikungojei." Akazikunja karatasi mara nne, akamrudishia.

Hawakupigana. Ingekuwa heri wangepigana. Kuanzia siku ile Firmin alikula mapema na Victorine alikula akiwa amechelewa, na mimi nikienda naongea na mmoja kisha na mwingine, kama mtu anayevuka barabara kwenda na kurudi.

Théodore aliitwa na ile ofisi, akatozwa faini, akahamia Durban. Nasikia huko ana kabrasha jipya.

Mwezi wa nane, simu ya Firmin ililia tukiwa Newtown kununua vipuri. Gogo alikuwa anamwita. Bomba la jikoni limepasuka, maji yanashuka ghorofa ya tatu, wa chini wamekasirika, na mwenye nyumba ndiye wa kutengeneza. Nilisema nitakwenda naye, nina spana.

Tulipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne. Firmin akagonga mlango wa nyumba yake. Sauti ya Gogo ikaita toka ndani kwamba tungoje, hajavaa. Tukasimama kwenye korido. Mtoto mmoja akachungulia, akauliza kwa Kizulu ni nani, na bibi akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ni mwenye nyumba, amwambie asubiri hapohapo na afute viatu.

Firmin alifuta viatu.

Nikamwambia lile nililolibeba tangu tarehe mbili ya mwezi wa tano. Kwamba ningesema neno moja angesaini. Kwamba nilinyamaza kwa sababu heshima yake ilikuwa tamu.

Hakunitazama. Alikuwa anaangalia ule mlango, rangi yake ya kijani, mahali kitasa kilipochakaa kwa mikono ya watu wengine. "Muzee," akasema, "nilijua. Nilikuwa nangoja tu useme."

Mlango ukafunguliwa, tukaingia kuziba maji.

FUNZO

Ndugu zangu, nimeandika haya mwaka 2019, na mambo hayajabadilika: Gogo yuko ghorofa ya nne, Firmin na Victorine wako Alex. Nasikia sheria mpya ya madalali imepitishwa, kali kuliko ya zamani. Ni vizuri. Lakini hata ile ya zamani ilitosha kuwaokoa watu wale. Iliweka cheti, tukaona aibu kukiomba. Iliweka siku tano, zikawa kama tisa kwa sababu ya sikukuu, tukazinywa na chai. Serikali ya nchi hii ya ugeni ilitujengea mlango wa kutokea, sisi tukasema kwetu watu hawapiti mlangoni, hutuma mzee.

Anayekutafutia nyumba ya kununua au ya kupanga, awe ametoka Kadutu, Tanga au tumbo la mama yako, mwombe cheti cha mwaka huu, kisha uulize ofisini kama ni cha kweli. Mkataba usomwe na mtu asiyekula chochote humo, kabla ya kalamu na kabla ya kreti za soda. Ukitaka kujitoa, andika, saini, peleka, baki na nakala yenye alama ya aliyepokea. Kisha, ukipenda, mtume na mzee.

Na ninyi wazee wenzangu. Kijana akikutazama kabla ya kuweka saini, anakuomba ruhusa ya kutokukuheshimu kwa dakika moja. Mpe ruhusa hiyo. Sema kwa sauti asikie: Saini, mwanangu, mimi sina kinyongo.